Makasia Kanisani

Nikinusa nta ya kung'arishia sakafu, hata leo, najikuta nimeketi benchi la mbele katika kanisa letu la mjini Gisenyi, miguu yangu haifiki chini. Ilikuwa Jumapili alasiri, siku ya nyimbo, mashairi na maombi, na mwalimu wa kwaya alikuwa amewaalika wavuvi waimbe nyimbo zao za kupiga kasia. Baba alikuwa mmoja wao. Tangu Ziwa Kivu lilipomchukua Baba Mdogo, aliyekuwa akivuta naye kasia, Baba hakuwa ameimba tena, hata nyumbani. Mama alimsihi wiki nzima. Nami, niwaambie ukweli, nilikuwa nimewatangazia watoto wote wa mtaa kwamba Baba angeimba.

Kwanza bibi mmoja alisoma shairi la Kifaransa, refu ajabu. Nyanya yangu akalala fofofo. Kisha wavuvi wakaenda mbele na makoti yao ya kuazima, wakasimama kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho. Baba akakohoa, akamgeukia mwalimu wa kwaya.

"Mwalimu, utatusamehe. Hii wimbo haiimbwake na kusimama. Inaomba makasia."

"Bon, mukae basi," mwalimu akajibu.

Wakaketi sakafuni, mmoja nyuma ya mwingine, wakaanza kuvuta makasia yasiyokuwepo. Migongo ikainama pamoja, ikainuka pamoja, na Baba akatoa sauti. Mungu wangu! Sikujua kwamba sauti ile ilikuwa ndani ya mtu niliyekula naye ugali kila siku. Nywele zilinisimama.

Katika wimbo ule mmoja huita, na anayevuta naye huitikia. Baba aliita, akanyamaza. Hakuna aliyejibu, mikono tu iliendelea kuvuta. Akaita tena, kimya tena. Nikadhani amesahau maneno, nikaona aibu hadi nikafumba macho. Alipoita mara nyingine, wanawake wauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, walisimama kule nyuma, wakaitikia. Wimbo ule walikuwa wameusikia ufukweni miaka yote. Kanisa zima likafuata, vioo vya madirisha vikatetemeka, na Mama akalia waziwazi. Sijaona tena jambo kubwa kama lile.

Nilikuwa mtu mzima tayari nilipomtania Baba kwamba siku ile alisahau wimbo wake mwenyewe. Hakucheka.

"Sikusahau, mutoto yangu. Pale ni mudogo yangu alikuwa anaitikia. Nilimungojea kwanza."