Nekesa alisema kunyamaza si kukubali

Mnisamehe kwa kukawia kuandika. Nekesa alitutoka Jumamosi na leo ni Jumanne. Mtoto wangu huko nyumbani alikuwa na homa, na hapa Riyadh madam alikuwa na wageni. Mpaka sasa bado nasikiliza kama voice note yake itaingia.

Ni kifua. Alilazwa hospitali kule Jeddah, akazidiwa, akaenda. Mnaoandika kwenye comments eti aliruka ghorofani, futeni. Ana mama, na maneno hufika.

Tulijuana Nairobi kwenye training ya kazi za Uarabuni, kitanda cha double-decker, yeye juu mimi chini. Wengine walifunga unga na omena kwa begi. Yeye alifunga kitabu cha mtumba cha sheria ya Kiingereza, cha wanaoanza, hata cover hakina.

Nikamuuliza, "Sheria ya Waingereza ya nini na tunaenda kufulia Waarabu?"

"Ya Kenya ni mtoto wake," akasema. "Wacha nimjue mama kwanza."

Tukaangukia nyumba moja Riyadh. Bosi alipokiona kitabu akauliza ni cha nini. Nekesa akajibu, "Kanuni." Kumbe neno hilo hata kwa Kiarabu liko. Bosi alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo akamwita Muhami, yaani wakili. "Yalla, ya Muhami, chai!" Naye anaitikia kwa Kiswahili, "Mteja angoje."

Alinifundisha tukipiga pasi. Mimi form four yangu mnaijua, lakini ningetorokea wapi?

Siku moja supermarket nikaona sabuni imeandikwa ofa. Nikamvuta mkono. Akasimamisha trolley katikati ya njia.

"Hiyo si ofa. Kwa sheria, bei ya kwenye rafu ni mwaliko tu. Ofa unaitoa wewe ukifika kwa cashier. Yeye ndiye wa kukubali ama kukataa."

"Haya, tumealikwa na sabuni. Twende!"

Aki tulicheka mpaka kwa gari, madam akiuliza tumekunywa nini.

Halafu akahamishiwa Jeddah, mtaa wa Bani Malik, kwa dadake madam. Masomo yakaendelea kwa voice note, nyuma unasikia sufuria.

Tulichobishania sana ni kunyamaza. Alisema kwa sheria hiyo, mtu akikuletea jambo ukanyamaza, hujakubali. Nikamwambia hiyo ni ya wazungu. Kwetu msichana akiulizwa kuhusu posa akainamisha kichwa, wazee wanaanza kutaja ng'ombe.

Akanijibu, "Ndio maana nasoma."

Jana madam aliniita jikoni. "Watu wa kwao Nekesa wameulizwa, wako kimya. Halas, basi, wamekubali. Azikwe Jeddah."

Nikatoa mikono kwa maji. "Madam, kunyamaza si kukubali."

"Nani amesema?"

"Nekesa."

Kisha akasema, "Nawapa mpaka Alhamisi."

Sasa nyinyi. Simu ya mama yake haiingii, na kaka yake alibadilisha namba. Aliye karibu na Webuye na anapajua kwao Nekesa, aende kwa miguu yake, anipigie simu ikiwa mkononi mwa mama. Usiniwekee mishumaa hapa kama hujajaribu. Na mama akisema azikwe huku, sawa, sitabisha. Lakini aseme yeye.

Nekesa, dadangu, pumzika. Ulichoka, nilikuona ukichoka. Pasi nimezima, chai wataipika wenyewe. Vilivyobaki niachie mimi, na ni hivi tu vinavyotakiwa kabla hujazikwa, bado sijatumiwa: kopi ya kitambulisho cha mama yako. Barua ya chifu kwamba wewe ni wake. Na karatasi moja yenye dole gumba lake, ikisema anataka ulale wapi.