Nilipiga Yowe la Ng'ombe Wasioibiwa

Nilipiga yowe la uongo. Jumapili, mchana kweupe, sina hata malaria ya kusingizia!

Nipo kidato cha tatu, huku kati ya Bunda na Butiama. Darasani mimi ndo mchekeshaji, hata walimu nawaigizaga wanavyotembea. Wiki ile mwalimu wa Baiolojia alitufundisha ubongo. Akasema ukiona hatari, kuna sehemu ndogo humo ndani inaamua haraka, kabla ile ya kufikiri haijaamka. Ndo maana vitani mtu mpole anaua, halafu baadaye anajishangaa.

Mimi nikasikia utani! Nikamwambia Juma, tunayekaa naye dawati moja, "Wazee wa kwetu hiyo ya kufikiri hawanaga kabisa. Subiri uone."

Kwetu yowe la ng'ombe halichezewi. Likipigwa, kila mwanaume anatoka na silaha, asiyetoka anatozwa faini. Nikapanda jiwe nyuma ya nyumba nikapasua koo: "Wezi! Wameswaga ng'ombe! Wameshika njia ya Butiama!"

Jamani, walivyotoka! Babu mmoja alikimbia na upinde na kandambili moja. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kumbe kwenye njia hiyohiyo kuna mtu anaswaga ng'ombe wawili, katoka mnadani. Alipoona mapanga yanakuja, na wake ubongo ukaamua. Akakimbia. Basi, kukimbia kukawa ushahidi!

Wa kwanza kumfikia alikuwa kaka yangu Magesa. Magesa huyu ambaye hata kuku wa Krismasi tulikuwa tunamchinjiaga! Mshale mmoja tu. Walipomgeuza yule mtu, ni Mzee Masatu, fundi baiskeli aliyemfundisha Magesa kazi. Kibali cha mnada kipo kwenye mfuko wa shati, kimelowa damu.

Watu wakaanza kuulizana, "Yowe kapiga nani?" Mimi ndo niliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote. Mshenzi mimi!

Magesa yupo mahabusu Musoma, kesi ya mauaji. Nilipoenda kumwona aliniambia, "Mdogo wangu, sikumwona Mzee Masatu. Naapa. Nilikuwa naona mwizi tu."

Nilijua kwa nini. Nimefundishwa darasani, kwenye mtihani nilipata yote! Nikamuuliza tu kama chakula kinamtosha.

Wewe unayesoma hapa, kama una utani kama wangu, usimtie mtu hofu ili uone atafanya nini. Atafanya! Halafu utabaki unamwangalia.

Jana mama alikuwa anafunga ugali na dagaa wa kumpelekea Magesa, nikamwambia yote. Nikamwambia naenda polisi. Hakunipiga. Hakulia. Alikaza fundo la kitambaa, akasema:

"Nyamaza. Masatu hafufuki, na Magesa hawamwachii. Chakula cha kupeleka Musoma kwa watoto wawili sina."