Niliwatoa watoto shuleni katikati ya muhula twende kupumzika Koni, binti yangu akauliza nani amekufa

Wakuu, salamu kutoka Likasi, Haut-Katanga.

Hili jambo limenitokea mimi mwenyewe. Mke wangu ameshausoma uzi huu kabla sijaupandisha, kwa hiyo nikiongeza chumvi yeye ndiye atakuwa wa kwanza kunikosoa.

Kiswahili chetu cha huku mnakijua, kimechanganyika na Kifaransa na lugha za nyumbani. Nitajitahidi kuandika cha kwenu, ila watu wakiongea nitawaacha waongee kama tunavyoongea.

Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda kimoja cha shaba huku Shituru. Nina watoto wawili. Wa kwanza ni binti, Béné, yuko darasa la tano. Mdogo wake anaitwa Kazadi, darasa la pili.

Mama yao alifariki. Baadaye nikaoa tena. Mke wangu wa sasa anaitwa Odette, anauza vitenge sokoni.

Odette na watoto hawakuwa na ugomvi. Nataka hilo lieleweke mapema, maana humu mama wa kambo akitajwa tu watu wanavuta viti wakae vizuri. Anawapikia, anawafulia, nao wanamsalimia kwa adabu.

Lakini ilikuwa adabu ya mgeni. Béné akitaka kitu alikuwa anakuja kwangu, hata kama Odette amekaa pembeni yake na hicho kitu anacho mkononi.

Sasa, likizo. Sisi tunaita congé. Kiwandani tunakwenda kwa zamu, na ile miezi ambayo shule zimefungwa huchukuliwa na waliotutangulia. Mimi tangu nifiwe sikuwahi kuomba. Nyumbani nilikuwa naona kama kuta zinanitazama, kazini angalau kuna kelele.

Mwaka huu, mvua zilipokwisha, mkuu wangu wa zamu akaniita. Akasema wazi kwamba nichukue congé sasa au niisahau.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Odette. Nilidhani atasema nipake rangi nyumba.

Akasema, "Twende fasi moja, sisi wote. Watoto pia. Tupumuzike."

Nilicheka. Wakuu, huku kwetu familia ya mfanyakazi haisafiri hivi hivi. Tunasafiri kwa msiba, kwa harusi au kwa mgonjwa. Mtu akikuona na begi anakuuliza kwanza, "Kuna nini?" Ukijibu kwamba hakuna kitu, unakwenda kupumzika tu, anakutazama kama umeanza kuumwa.

Halafu watoto walikuwa shuleni, muhula umekolea.

Odette hakubishana. Alisema tu kwamba hajawahi kuwaona wanangu wakikaa mahali bila kuwa na la kufanya, na angependa kuwaona hivyo hata wiki moja. Hilo neno likanikaa.

Binamu yangu Kabwe analima karibu na Koni, kule kwenye kituo cha umeme cha mto Lufira. Ana nyumba ya matofali, mbuzi na shamba la mihogo. Kila mwaka ananiambia nije, kila mwaka namwambia nitaona. Safari hii nilipompigia akaniambia nirudie, nadhani alikuwa anahakikisha amesikia vizuri.

Nikaenda shuleni kuomba ruhusa. Ni shule ya Kikatoliki, mkuu wake ni mtawa, sote tunamuita Ma Sœur. Ni mkali kwa wanaokosa masomo, na nilikuwa nimejiandaa kusemwa.

Alinisema kweli. Aliniuliza kama mto Lufira utahama kabla ya shule kufungwa. Nikamueleza habari ya congé, na kwamba watoto hawajawahi kwenda popote nami kwa furaha.

Akakubali, kwa sharti kwamba walimu watawapa kazi na kazi hiyo irudi imefanywa.

Nikiwa mlangoni akaniuliza, "Papa Béné, watoto banajua?"

Nikamjibu kwa kujivuna kwamba hawajui, ni surprise. Nitakuja kuwachukua Ijumaa saa ya mapumziko, mabegi yakiwa tayari kwenye gari.

Alinitazama kama anataka kusema kitu. Akasema tu, "Sawa, Papa."

Ijumaa nikavaa shati langu zuri. Odette akavaa kitenge kipya. Nilikodi gari la jirani, mabegi nyuma, maji na mkate mbele. Tukasimama getini, Ma Sœur akatuma mtu darasani kuwaita.

Béné akatoka kwanza. Akaniona mimi, akamuona Odette na kitenge chake, akayaona mabegi. Akasimama.

Nilingoja atabasamu. Hakutabasamu, wala hakuuliza kitu. Alimngoja mdogo wake, akamshika mkono, wakaja wote wawili wakaingia garini.

Nikasema, "Tunaenda kwa baba Kabwe, Koni. Mutafurahi."

Akasema, "Ndiyo, Papa."

Nikadhani furaha imemzidi. Wakuu, mwanaume anaweza kuishi na mtoto nyumba moja asimjue.

Njia ya kwenda kule ni ya udongo mwekundu na mashimo, tukajikuta tunarushwa kama mahindi kwenye ungo. Kazadi alianza kucheka kila gari liliporuka. Nikasikia dada yake anamnong'oneza aache kucheka. Akaacha. Odette akawapa mkate, Béné akaukunja kwenye leso akauweka mapajani.

Tukafika. Kabwe, kwa mapenzi yake, alikuwa ametoa viti vyote nje uani na kuazima vya majirani. Mke wake alikuwa kwenye sufuria kubwa na wanawake wawili wamekuja kumsaidia, wamekaa chini kwenye mkeka wanachambua sombe, yaani kisamvu. Gari liliposimama wote wakainuka kutupokea.

Béné akashuka. Hakusalimia mtu. Akavua viatu, akaenda moja kwa moja kwenye ule mkeka, akakaa chini, miguu mbele, kichwa chini. Kazadi akamfuata akakaa kando yake. Kisha Kazadi akaanza kulia.

Mke wa Kabwe ameshika mwiko, hajui auweke wapi.

Nikachuchumaa mbele ya binti yangu nikamuuliza kuna nini.

Akaniambia polepole, bila kuinua kichwa, "Papa, tumefika. Sasa sema. Ni nani alikufa?"

Hapo ndipo nilipoelewa.

Mama yao alipougua alikwenda kwa mama yake Kolwezi. Akafia huko. Siku nilipopata habari nilikwenda shuleni asubuhi, nimevaa vizuri, gari getini, mabegi ndani. Ma Sœur aliwatoa darasani. Njiani nikawaambia watoto kwamba mama ana malaria kidogo na anataka kuwaona. Sikuwa na nguvu ya kusema zaidi. Tulipofika Kolwezi kulikuwa na viti uani, sufuria kubwa na wanawake chini kwenye mikeka. Watoto walijua kifo cha mama yao kwa kuona viti.

Na tangu siku ile sikuwahi kuwatoa shuleni tena, mpaka hii Ijumaa.

Nikamwambia, "Hakuna mutu alikufa. Tumekuja kupumuzika tu."

Akainua macho. "Ile siku pia ulisema hakuna kitu."

Nilitaka kuapa, lakini ningeapa kwa nini? Neno langu nilikuwa nimelimaliza kule njia ya Kolwezi. Kabwe akajaribu kusaidia, akasema sisi wote ni wazima, tazama, hata mbuzi. Hakuna aliyecheka.

Odette ndiye aliyepiga magoti kwenye mkeka. Hakumgusa. Aliniambia mimi, "Umupatie telefone. Aulize yeye mwenyewe."

Kule kwa Kabwe mtandao ni shida. Unapatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya nyumba. Wasioijua Katanga wasifikirie kichuguu cha kuruka, vichuguu vyetu ni vilima, miti inaota juu yake. Tukapanda wanne, Odette amembeba Kazadi mgongoni. Kwa mbali unasikia maji ya Lufira yanavyounguruma.

Béné akashika simu. Wa kwanza akampigia nkambo, bibi yake wa Kolwezi, mama wa marehemu. Simu ikaita muda mrefu, na mimi wakati huo nilikuwa namwomba Mungu mama mkwe wangu awe karibu na simu yake.

Akapokea. Tukasikia sauti yake mpaka tulipokaa, maana yule bibi simu anaipigia kelele. Béné akamuuliza kama yuko mzima. Bibi akasema goti ndilo linamsumbua, mengine sawa, na kwa nini mjukuu wake hayuko shuleni. Béné akamuuliza tena, "Lakini uko muzima?" Naona bibi alielewa upesi kuliko mimi, maana akateremsha sauti, na hapo hatukusikia tena alichosema. Tulimuona tu Béné anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo.

Akampigia mjomba wake. Akampigia shangazi yake wa Lubumbashi, ambaye alikuwa saluni na akataka kujua nani amempa mtoto simu. Akampigia Ma Sœur. Ma Sœur akamuuliza kama wamefika salama, kisha akamwambia asisahau hesabu zake.

Kila akimaliza simu moja alikuwa anamgeukia Kazadi na kumwambia, "Nkambo ni muzima. Mjomba ni muzima." Kazadi akaacha kulia, akaanza kuokota mawe.

Nikadhani tumemaliza. Nikanyoosha mkono nichukue simu.

Béné hakunipa. Alimgeukia Odette akamuuliza, "Na mama yako, weye?"

Wakuu, mama yake Odette anaishi Kamina. Mimi mwenyewe nilimuona mara moja tu, kwenye harusi. Katika nyumba yetu hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Odette habari ya mama yake, wala mimi.

Odette akasema polepole kwamba anadhani yuko mzima, waliongea Jumapili.

"Tupige," Béné akasema.

Odette akabonyeza namba, akampa simu mtoto. Upande wa pili mama mzee akauliza ni nani anayeongea.

Béné akafikiri kidogo. Akasema, "Ni Béné. Mutoto wa Odette."

Mke wangu akageuza uso upande wa mto. Nami nikajifanya namsaidia Kazadi kuokota mawe yake.

Waliongea muda mrefu kuliko na wote wengine. Mama mzee alitaka kujua anasoma darasa gani, kama Odette anawapikia vizuri, na kama huko Likasi kuna baridi. Tuliposhuka kichuguu, Béné alikwenda akawasalimia watu wote mmoja mmoja kwa mkono, kuanzia kwa mke wa Kabwe, kama ndiyo kwanza anashuka garini. Halafu akafungua leso yake akala ule mkate.

Kesho yake alilala mpaka jua likawa kali. Nilikwenda mara kadhaa kuchungulia kama anapumua. Odette akanivuta shati, akaniambia nimwache mtoto.

Wiki iliyobaki sina mengi ya kusimulia, na huo ndio uzuri wake. Walichunga mbuzi vibaya, mmoja akala daftari la Kazadi, na walimu wake hawakuamini. Tulikwenda kutazama maji yanavyoanguka, nikawaeleza jinsi yanavyogeuka umeme ukafika mpaka kiwandani kwangu, na Béné akaniuliza maswali ambayo mengine sikuyaweza. Jioni alikuwa anafanya hesabu zake mezani na Odette, kwa sababu Odette ni mtu wa soko, hesabu anazijua kuliko mimi.

Usiku mmoja tuliizungumzia siku ya Kolwezi. Yeye ndiye aliyeanza. Nikamwambia ukweli wote, kwamba nilijua tangu asubuhi na nilishindwa kusema. Alisogea akaegemea bega langu, tukabaki hivyo.

Sitawadanganya kwamba yote yalikwenda sawa. Mtihani uliofuata Béné alishuka kidogo darasani na hakufurahi. Jirani mmoja mpaka leo anasema nimeleta mambo ya mabosi. Na Béné akiniona nimevaa shati zuri siku ya kazi bado anasita mlangoni. Siku hizi anauliza, nami namjibu ninakokwenda.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi nilidhani ninawatoa watoto darasani tu, kumbe wao walikuwa na siku nyingine kichwani, na sikuwahi kukaa nao kuizungumzia. Ukiwa na mtoto aliyefiwa, surprise ziache. Mwambie mnakwenda wapi, na nani, na mnarudi lini. Na lile baya likija, mwambie vilevile, hata kama sauti inakukatika.

Juzi Ma Sœur aliniita ofisini. Nikaenda nikiwa na wasiwasi, nikidhani ni mambo ya alama za Béné.

Akaniambia binti yangu alikuja kwake peke yake, akabisha hodi, akaomba ruhusa ya mwaka ujao. Amesema congé ya Papa wake labda itaangukia tena siku za shule, na safari hii wanataka kupanda treni kwenda Kamina, kumuona nkambo yake wa huko.

Nikamuuliza Ma Sœur amemjibu nini.

"Nilimwambia alete Papa na Mama basaini," akasema. "Njo vile," yaani ndivyo, "muje wawili."

Nilimfuata Odette sokoni nikamwambia afunge meza.

Wakuu, karibuni mseme. Hasa nyie mliolelewa na mzazi mmoja au mama wa kambo, na nyie walimu mlio humu, kuwatoa watoto shuleni kwa mapumziko mnalionaje? Wa kunisema pia waje, nimeshazoea kwa Ma Sœur.