“Baba, hukuwa mvivu”: Mpaka rangi aliyeufungua mdomo wa ukoo

Saa mbili asubuhi, mwanamke mwenye kilemba chenye madoa meupe yuko juu ya ngazi, anapaka dari ya darasa. Chini yake, mzee wa miaka sitini na mitatu anakoroga ndoo ya rangi.

“Bosi, imekaa sawa?” anauliza.

“Ongeza maji kidogo, baba. Itaacha michirizi.”

Mzee huyo ni baba yake mzazi. Miaka minne iliyopita alikuwa amejifungia chumbani, uso ukutani, na hakuna aliyetarajia kumwona tena kwenye kazi.

“Nimekua nikisikia baba ni goigoi,” anasema mpaka rangi huyo. “Alikuwa mwashi hodari, lakini kila baada ya mwaka au miwili alitupa mwiko na kulala miezi. Shangazi naye vivyo hivyo. Watu wakasema tumelogwa.”

Alipofikisha miaka thelathini na mmoja, yakamkuta yeye.

“Nilikaa mbele ya ukuta hadi rangi ikakaukia kwenye brashi. Hata kulia sikuweza.”

Alikaa miezi mitano bila kibarua. Mumewe, fundi viatu, ndiye aliyempeleka kliniki.

“Mke wangu akicheka, majirani wanagonga ukuta,” anasema mumewe. “Nyumba ilipopoa, nikajua hapa kuna jambo.”

Daktari alimwambia ni sonona, kisha akamuuliza habari za ndugu zake.

“Akanieleza hakuna jeni moja tu ya sonona. Ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo, na shida za maisha nazo zinasukuma. Akasema nimerithi hatari, sijarithi hukumu.”

Dawa na mazungumzo ya kila wiki vilimrudisha kazini polepole. Mwezi wa nane wa matibabu alikwenda kwa baba yake, akaketi ukingoni mwa kitanda.

“Nikamwambia, baba, hukuwa mvivu. Ulikuwa mgonjwa, na mimi naumwa ugonjwa huohuo.”

Mzee anapangusa mikono, anacheka.

“Miaka arobaini nilijiita mzigo. Aliposema dawa ipo, nilishavaa viatu yeye hajamaliza sentensi!”

Mwaka jana mdogo wa mpaka rangi huyo, dereva wa lori, alikosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki mbili. Akampigia simu: “Dada, nadhani imenibishia hodi.” Kesho yake walikuwa wote kliniki. Leo yuko barabarani, mzima.

Wiki ijayo mpaka rangi huyo anaanza jengo la ghorofa tatu, zabuni yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe, akiwa na mafundi sita. Lakini mpango anaouzungumzia kwa fahari zaidi unamhusu bintiye wa miaka tisa.

“Akikua kidogo nitamweleza yote, ya babu yake na yangu. Huenda jambo hili lisimfike kamwe. Likimfika, atalijua kwa jina, na atajua mlango wa kugonga.”