Bibi Mlangoni pa Mnara

Wiki iliyopita kazi ilinipeleka Kungsgatan, barabara ya katikati ya mji mkuu wa Waswidi, nikapita tena kati ya ile minara miwili. Sikuhisi kitu. Niliitazama kama unavyotazama saa ya mtu mwingine.

Huenda hujaiona, basi nikueleze. Zamani pale palikuwa na kilima. Walikikata katikati wapitishe barabara, na miaka ya ishirini ya karne iliyopita wakasimamisha minara, mmoja kila upande. Ilikuwa miongoni mwa majengo marefu ya kwanza ya namna hiyo Ulaya, kwa mfano wa Marekani. Kwa mbali utasema ni pacha, lakini nakshi zake hazifanani. Mmoja una sura za mawe ukutani. Ndani ya huo mama alisafisha ofisi, katikati ya miaka ya themanini.

Tuliishi Husby, kitongoji cha pembezoni mwa mji, mama na mimi tu. Aliporudi nilikuwa nimeshalala. Wali wangu aliuacha kwenye sufuria iliyofungwa taulo usipoe. Bibi, mama yake mama, alipokuja kutoka Tanga, aliitazama ile sufuria kwa muda, kisha akasema atanichukua nikaishi naye Tanga. Nami nilitaka kwenda. Nguo zake zilinukia karafuu, na alinisuka polepole bila kutazama saa. Nikimjibu kwa Kiswidi aliuliza, "Huyu anaongea na nani humu ndani?"

Nguo zangu ziliingia mkobani mwake. Mama hakubisha. Aliomba tu kwamba kwanza bibi aje aone yeye anapofanya kazi.

Tulikwenda Jumamosi mchana. Bibi aliinua kichwa mpaka mtandio ukamwangukia mabegani.

"Na hao," akauliza akizionyesha sura za mawe, "nao wamepanga?"

Mama alicheka, jambo la nadra, akafungua mlango. Mimi nikatangulia ndani. Bibi akabaki nje, akapiga hodi.

"Ingia tu, Mama. Huku hakuna hodi."

"Nyumba ya watu haiingiwi kama zizi, mwanangu."

Akapiga ya pili. Wanaume wawili waliokuwa wakitoka walimzunguka kama wanavyozunguka nguzo. Mama alikuwa ameushikilia mlango, baridi ikiingia. Kwa bibi, hodi tatu zisipojibiwa, unarudi ulikotoka. Akapiga ya tatu. Nilikuwa nimesimama karibu na lifti, viatu vimelowa theluji.

"Karibu," nikamjibu.

Akaingia. Alipanda hadi juu, akatazama mapaa ya mji, akaigusa ndoo ya mama. Kisha tukarudi Husby. Hapo akafungua mkoba, akatoa nguo zangu moja moja, akazikunja upya juu ya kitanda changu.

"Anayekaribisha ndiye mwenyeji," akamwambia mama. "Mwenyeji hahamishwi kwake."

Nilimwambia, kwa Kiswahili chote nilichokuwa nacho, kwamba mimi si mwenyeji. Akanipapasa kichwa. Mama na mimi tulimsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Arlanda, na sikulia. Mama alidhani nimekubali.

Bibi amezikwa Tanga, sikuhudhuria. Mama amestaafu, na ofisi alizosafisha zimegawanywa upya. Nikiwa nimesimama pale wiki iliyopita, mwanamke mmoja alitoka akanishikia mlango, akidhani naingia. Nilimshukuru, nikamwambia napita tu.