Ufunguo wa Choo cha Nyuma

Ufunguo wa choo cha nyuma hukaa kwangu. Landilodi aliniachia mimi Mbeke kwa sababu hoteli yangu ndiyo hufunguliwa mapema kuliko maduka yote ya safu yetu hapa Noonkopir. Nimeufunga kwenye kipande cha mti ili mtu asiusahau mfukoni. Kwa hivyo, bila kutaka, najua nani huenda haja na nani haendi. Nyaguthii wa hardware alikuwa haendi. Nasema wazi bila haya, na nasema nikiwa na hasira, kwa maana jambo dogo hivi halikufaa kumfikisha lilikomfikisha.

Alianza na meza moja kando ya barabara, akiuza misumari kwa kilo. Leo duka lake lina mabati, rangi, mabomba na seng'enge mpaka dari. Alilijenga peke yake na hakutaka kuliacha hata kidogo. Akilazimika kutoka, alishusha mlango wa chuma akapiga kufuli mbili, ya juu na ya chini, kisha akaenda mbio kama aliyeacha maziwa motoni. Wateja waliokuta kufuli waliondoka. Basi akaona dawa ni kutotoka kabisa.

Miaka miwili iliyopita kliniki walimwambia presha iko juu, wakampa tembe za kila asubuhi. Tembe zile humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Nyaguthii akapiga hesabu yake ya ajabu: tembe ni choo, choo ni kufuli, kufuli ni mteja kupotea. Akaacha tembe, na baadaye akaacha hata maji. Githeri niliyompelekea saa saba ilirudi jioni imeganda, imeliwa vijiko viwili.

Nilimwambia, si mara moja. "Nyaguthii, si umwachie Nafiso duka dakika tano?"

"Nimwachie ndio ajue wateja wangu? Mbeke, wewe uko na chapati. Hii maneno ya biashara huijui."

Nafiso, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, anauza magodoro na mapazia! Niambieni, ni nani aliyewahi kutoka nyumbani kutafuta misumari ya mabati akarudi na pazia?

Na ujirani wetu si wa kubahatisha. Saa ya swala ikifika, Nafiso huweka kiti cha plastiki katikati ya mlango, huniambia "Mbeke, niangalilie," na kwenda zake. Kiti mlangoni maana yake mwenyewe yuko karibu. Mteja akija, aliye jirani humwambia angoje, au humuuzia kama bei anaijua. Nimeuza mapazia mikono ikiwa na unga. Safu nzima tunaishi hivyo, isipokuwa Nyaguthii.

Halafu Machi alifunga duka siku nzima, kufuli mbili, akaenda Kajiado mjini kwenye semina ya wafanyabiashara. Siku nzima! Alirudi na faili na kadi za watu arobaini zimefungwa kwa mpira.

"Wametufunza afya na konekshen," akaniambia akiwa na furaha kweli. "Glasi nane za maji kwa siku. Na kila siku usalimie mtu mpya."

"Na leo umekunywa ngapi?"

Akacheka. Nami nikacheka naye, na kicheko hicho sijakisamehe mpaka leo.

Ilikuwa Jumanne ya Mei, kabla ya saa nne. Kuntai, mfugaji wa Mashuuru, alikuja na pikapu yake kununua seng'enge. Akamsalimia, "Supa!" Nyaguthii akajibu kwa mdomo uliokwenda upande, na maneno hayakutoka. Kuntai akapiga kelele. Nafiso alifika kwanza, mimi nikafuata. Nyaguthii alikuwa ameketi sakafuni, mkono wa kulia umelala kama si wake. Kwa ule wa kushoto alikuwa anatuonyesha kitu, tena na tena, kwa hasira. Alikuwa anatuonyesha kufuli.

"Wacha kufuli, mama," Nafiso akamwambia. "Duka tuko nayo."

Kuntai alimlaza kwenye pikapu juu ya magunia, Nafiso akapanda akamshika kichwa. Mimi nilibaki dukani, na kwa kuwa simu yake sikujua kuifungua, nikachukua zile kadi za semina nikaanza kuwapigia, nikitafuta mtu wake. Wa kwanza aliniuliza ni oda ya nini. Wa pili alikuwa kwa mkutano. Wa tatu akasema, "Nyaguthii ni nani?" Sikupiga ya nne.

Nafiso akanipigia kutoka hospitali: daktari anauliza kama mgonjwa alikuwa anameza dawa. Nikavuta droo. Pakiti zilikuwa chini ya kitabu cha risiti, zimejaa, hazijafunguliwa. Juu yake kulikuwa na daftari la semina, ameandika kwa mwandiko mzuri: glasi nane.

Watu walikuja na pole zao, wakasema ni mapenzi ya Mungu. Nilikasirika hata nikaondoka. Mungu hakupiga kufuli mbili. Mungu alimpa jirani ukuta kwa ukuta, na Biblia yake mwenyewe inasema afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali.

Wiki tano Nafiso alifungua maduka mawili. Hakujua kutofautisha misumari ya inchi tatu na ya inchi nne. Alijifunza kwa kuipima kwenye kidole. Hakuna mteja hata mmoja aliyemgeuza kuwa wa mapazia.

Jumatatu iliyofuata Nyaguthii alirudi, akaketi dukani, mkono wa kulia umewekwa mapajani. Kando yake palikuwa na chupa ya maji, imefika nusu. Ilipofika saa nne akasimama. Alikishika kiti cha plastiki kwa mkono wa kushoto, akakiburuta, kikakwama kizingitini. Nilitaka kumsaidia, akanikataza kwa macho. Akakisukuma kwa goti mpaka kikakaa mlangoni, kimepinda. Kisha akageukia jirani. Neno lilitoka polepole, vipande vipande.

"Nafiso. Ni-angalilie."

"Haya mama, enda tu," Nafiso akajibu, bila hata kuinua macho kutoka kwenye pazia alilokuwa anapima.

Nilimwekea ufunguo kwenye mkono wa kushoto. Akaenda taratibu akishika ukuta. Hapo hapo akaja mteja wa misumari. Nafiso akamwambia mwenyewe anakuja, naye akaketi kwangu akaagiza chai.

Nyaguthii aliporudi, yule mtu alikuwa hajamaliza chai.