Minza Aliyewasha Shikome Mchana Kweupe

Kiungulia cha Nyanda kilikuwa na sauti. Watu wengine wakishikwa na kiungulia hukandamiza kifua na kunyamaza, lakini mzee huyu wa Ubaruku alicheua mpaka kuku wakashuka mtini wakidhani kumekucha. Masumbuko, mwenye mashine ya kukoboa mpunga ng'ambo ya mfereji, alimsikia alfajiri moja akadhani injini yake imejiwasha yenyewe, akamimina gunia zima la mpunga kwenye mashine iliyolala. Anayebisha akamuulize Masumbuko. Yupo, na gunia lipo.

Minza, mkewe kwa miaka arobaini na moja ya ndoa, hakucheka. Yaani alicheka, ila alijificha jikoni kwanza. Kilichomuuma ni jembe.

Enzi za usichana wake huko Kahama, kabla hawajahamia huku Usangu na ng'ombe wao, vijana walikuja kulima shamba la baba yake wakicheza bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma. Nyanda alirusha jembe juu, akaligeuzia mgongo, akalidaka bila kulitazama, maana macho yalikuwa kwa Minza. Wazee walipoanza kuzungumzia idadi ya ng'ombe, Minza alikuwa ameshamaliza kufunga nguo zake.

Sasa, kwenye mavuno yaliyopita, Nyanda alirusha jembe, kiungulia kikampanda, akajikunja kama jongoo, na jembe likatua katikati ya ngoma ya jirani yake Seni. Ngozi ikapasuka puu! Seni akacheka mwezi mzima. Na harusi ya Prisca, kitinda mimba wao, ilikuwa imebaki wiki sita.

"Harusini atacheza Seni," Nyanda alisema, akiangalia pembeni. "Mimi nitakaa na wazee."

"Wewe si mzee, Baba Prisca."

"Mimi ni nini?"

"Wewe ni mtu anayeshiba usiku."

Hilo hata mganga wa zahanati alishalisema. Alimpima, hakuona kidonda, akamwambia apunguze chakula cha usiku. Nyanda akakataa, kwa sababu aliyesema hana hata ndevu.

Basi Jumamosi moja akaja Asmaa. Huyu alikuwa muuza viungo wa Kihesa, kule Iringa, na kila baada ya wiki mbili alifika Ubaruku kuchukua samli ya Minza. Samli yenyewe ilikuwa ya njano, na harufu yake ingeweza kumrudisha nyumbani mwanaume aliyekimbia tangu masika. Bibi yake Asmaa aliishi ukuta kwa ukuta na Wahindi wa Iringa mjini, na kwao aliokota ayurveda, elimu yao ya kale ya namna ya kula, kulala na kuamka. Asmaa akairithi pamoja na vinu.

"Tumboni kuna moto, mama," Asmaa alisema, akinusa samli. "Moto huo unafuata jua. Jua likiwa utosini, unawaka. Hapo ndipo mtu ale chakula chake kikubwa. Jua likizama, unafifia. Baba anakula saa ngapi?"

"Saa tatu usiku. Ugali, nyama, pilipili, na mtindi juu yake."

"Halafu?"

"Halafu analala."

"Ya Rabi! Anapakia gunia juu ya majivu." Asmaa akacheka. "Ngoja nikwambie. Kuna watu wa upepo, kuna watu wa moto, kuna watu wa maji na udongo. Baba ni wa moto. Anatoka jasho, anakasirika upesi, chakula kikichelewa anagomba na kuku."

Minza akamkazia macho. "Wewe umelala kwangu lini?"

"Sijalala, mama. Nimejua tu."

"Na mimi?"

"Wewe upepo. Hukai, hunyamazi."

Minza alipenda sana kuwa upepo. Siku nzima alipita kwa majirani akiwaeleza, jambo ambalo ndilo upepo wenyewe.

Asmaa akamwachia masharti. Nyanda aamke kabla ya jua, akwangue ulimi kwa kijiko, anywe maji ya uvuguvugu, apakwe mafuta mwili mzima, ndipo aoge. Mchana ale wali na choroko vilivyopikwa chungu kimoja, na manjano, giligilani na samli. Jioni ale kidogo kabla ya giza. Pilipili na mtindi wa usiku aviache.

Kukwangua ulimi kulimpendeza. Siku ya tatu alidai sasa anaweza kuonja maji akajua yametoka mfereji gani. Lakini kwenye mafuta, Minza alikosea. Alifikiri, kwa nini ninunue mafuta na nyumba yangu imejaa samli? Akampaka samli kutoka utosini hadi kisigino, akamtuma akafungue zizi huku ikimkolea.

Ndama kumi na wanne walimsikia harufu kabla hajafika. Walimlamba mgongo, wakamlamba masikio, mmoja akamshika kidole na kunyonya kwa imani kabisa. Nyanda alikimbia akazunguka zizi mara saba, na ndama nyuma yake wakilia "mbee," na mama zao nyuma ya ndama. Seni alikuwa amekaa juu ya uzio.

"Shemeji!" alimwita Minza. "Huyu umemwachisha ziwa lini?"

Asmaa aliposikia, kwenye simu, alicheka mpaka salio likakatika. Alipopiga tena alisema, "Samli ni ya ndani, mama! Nje mpake mafuta ya nazi."

Hayo yote Nyanda aliyavumilia. Kilichomshinda ni chakula cha jioni. Kwa Wasukuma wale, wanaume hawali ndani. Kila jua likizama huwashwa shikome, moto wa uani, na wanaume wa jirani hukusanyika kuuzunguka, kila mmoja na sahani iliyotoka kwa mkewe, wakala pamoja na kusimuliana. Anayekuja mikono mitupu, au anayekataa tonge la mwenzake, atasemwa mpaka kwa wakwe.

"Unataka nikae pale nitazame wenzangu wanakula?" Nyanda alifoka. "Au nijifungie ndani mchana nile peke yangu kama mwizi wa mayai? Bora kiungulia!"

Na usiku ule akala kama kawaida. Alfajiri, kuku wakashuka mtini.

Minza alikaa jikoni akiwaza. Mumewe hakuwa na ulafi. Alikuwa na wenzake. Ukimwondoa kwenye moto ule, umemponya tumbo ukamuua roho. Zilikuwa zimebaki wiki nne.

Siku ya pili, jua likiwa utosini, kivuli cha mtu kimejikunja chini ya miguu yake, Minza alibeba kuni mpaka uani na kuwasha shikome.

"Mama Prisca, umechanganyikiwa?" Nyanda alitoka mbio. "Moto mchana kweupe? Watu watadhani pana msiba!"

"Waache wadhani. Watakuja."

Wakaja kweli. Masumbuko alifika na ndoo ya maji. Seni alifika na uso wa kufiwa. Wengine watano walitoka shambani na majembe begani. Wakamkuta Minza akifunua chungu: wali wa mchele mpya wa Ubaruku, choroko zimelainika ndani yake, manjano yameng'aa, na samli inatiririka pembeni. Inasemekana harufu ile ilivuka hadi barabara kuu, na lori la kwenda Iyunga likageuza lenyewe huku dereva akilikataza.

"Nani amekufa?" Seni aliuliza, akimeza mate.

"Njaa yako, shemeji. Kaa chini."

Seni akakaa. Kesho yake alikaa bila kuambiwa. Siku ya tatu wake za wanaume wale wenyewe walituma sahani mchana, maana nao walichoka kupika gizani huku mbu wakiwatafuna. Shikome ya jioni haikuzimwa. Ilibaki ya hadithi na kikombe cha maziwa ya moto, na giza likishakolea kila mtu alikwenda kwake akiwa mwepesi.

Wiki ya kwanza Nyanda alicheua mara tatu tu. Ya pili, mara moja, na kwa adabu. Ya tatu Minza alimkuta nyuma ya ghala akirusha jembe dogo la palizi. Akarudi nyuma kimyakimya, akajificha jikoni, akacheka na kufuta macho kwa kanga.

Karamu ya harusi ya Prisca ikaliwa mchana. Baada ya kula wageni walipumzika, jua lilipoanza kulegea Seni akapiga ngoma yake yenye ngozi mpya, na Nyanda akatoka katikati. Alirusha jembe. Lilipanda mpaka mwewe akalikwepa. Nyanda akaligeuzia mgongo, akamtafuta Minza kati ya kanga zote zile, akamwona. Jembe likashuka. Mkono ukaenda nyuma wenyewe, ukalidaka.

Minza alipiga kigelegele ambacho upepo peke yake ndio unaokiweza.

Jua lilipozama, Nyanda alinawa miguu, akanywa maziwa yake, akaenda kulala, wageni wamejaa uani. Seni akasogea jikoni.

"Shemeji, na cha usiku je?"

"Vyungu vimelala. Na wewe kalale."

Asubuhi iliyofuata watu walipanga foleni na magunia yao kwa Masumbuko hadi jua likapanda, na mashine kimya. Alikuwa amekaa ng'ambo ya mfereji, mkono sikioni, bado anamsubiri Nyanda acheue ndipo ajue kumekucha.